Santuri Moja, Kitabu Kimoja na Kitambulisho

Katika mazungumzo ya leo nina wimbo mmoja tu, na umetoka mbali: Rio de Janeiro, Brazil. Unaitwa Trocando em Miúdos. Muziki ni wa Francis Hime, mpiga piano aliyezaliwa Rio mwaka 1939, na maneno ni ya Chico Buarque, mzaliwa wa jiji hilohilo mwaka 1944. Ulitoka katika santuri ya Chico ya mwaka 1978, na waimbaji wa Brazil hawajaacha kuurudia. Jina lake ni msemo wa kila siku kule, wa mtu anayetaka kusema jambo waziwazi bila kuzunguka, na asili yake ni kuvunja fedha kubwa ipatikane chenji.

Fedha kubwa inayovunjwa humu ni maisha ya watu wawili waliokuwa wakikaa nyumba moja. Mapenzi yamekwisha. Mmoja anaondoka, mwingine anabaki. Hatuambiwi walikutana wapi, nani alikosa, wala kama kuna mtu wa tatu. Maneno yenyewe hayasemi hata kama anayeondoka ni mume au mke. Anataja tu anachoacha na anachochukua, kisha anakwenda zake. Hadithi imeishia hapo. Lakini kila kitu anachokitaja kinatoa habari za mapenzi yale, yalivyoishi na yalivyokufa, na msikilizaji asiyevijua vitu hivyo atafurahia sauti nzuri huku maana ikimpita. Kwa hiyo naomba tuvipitie.

Cha kwanza ni utepe wa Bonfim. Katika mji wa Salvador, jimbo la Bahia, kuna kanisa la Nosso Senhor do Bonfim, juu ya kilima, lililojengwa karne ya 18. Mahujaji hupewa au hununua utepe wa kitambaa, wenye jina la Bwana wa Bonfim, wakaufunga kwenye kifundo cha mkono kwa mafundo matatu. Kila fundo lina ombi lake. Utepe haukatwi, huvaliwa hadi uchakae na kukatika wenyewe, na hapo ndipo maombi hutarajiwa kujibiwa. Wakatoliki wa Bahia humwona pale Kristo msalabani. Wafuasi wa Candomblé, dini waliyoilinda watu waliopelekwa utumwani kutoka Afrika Magharibi, humwona pia Oxalá, mungu wao, na kila Januari wanawake waliovaa nguo nyeupe huosha ngazi za kanisa hilo kwa maji ya manukato.

Sasa anayeondoka anauacha utepe huo nyumbani kwa sababu, anasema, haukumfaa. Hapo nasimama kidogo. Mtunzi mwingine angetuandikia beti tatu za kueleza kwamba watu hawa walijaribu kuokoa ndoa yao, walikesha, walilia, walimwomba Mungu. Chico ametaja utepe na kupita. Tunajua mara moja kwamba palikuwa na maombi ndani ya nyumba ile, na kwamba aliyeomba ni huyuhuyu anayejifanya haumii.

Kitu cha pili ni santuri ya Pixinguinha, na hiyo anaichukua. Tena anaiomba kwa kiswali kidogo cha adabu, kama tunavyoulizana "au siyo?" Vingine vyote, anasema, ni vyako. Pixinguinha ni nani hata mtu aache nyumba nzima na kudai santuri yake peke yake? Jina lake halisi ni Alfredo da Rocha Vianna Filho, mpiga filimbi na saksafoni wa Rio, mmoja wa waliousimamisha muziki wa choro katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Wimbo wake Carinhoso ulianza kama muziki mtupu. Baadaye João de Barro akautilia maneno, Orlando Silva akauimba mwaka 1937, na tangu hapo Wabrazil wa vizazi vyote wanaujua kwa moyo. Pixinguinha alifariki Februari 1973 ndani ya kanisa huko Ipanema, alikokwenda kubatizisha mtoto. Hatuambiwi ni santuri ipi ya kwake inayoondoka na mtu wetu. Tunaambiwa kwamba katika mali yote ya miaka yote, alichokiona kinafaa kubebwa ni muziki wa mzee mpole, muziki wa nyumbani.

Baada ya hapo orodha inageuka. Mwanzoni vilikuwa vitu vya kushika kwa mkono. Ghafla anayeondoka anaanza kumwachia mwenzake mabaki ya kile watu wanachokiita nyumba, vivuli vya walivyokuwa, alama zilizobaki kwenye shuka, kumbukumbu zao nzuri. Vitu hivyo havigawiki. Hakuna hakimu awezaye kuviandika katika hukumu. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 hapa Tanzania, katika kifungu cha 114, imeipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, nayo ni sheria muhimu sana, hasa kwa wanawake. Lakini kiwanja kina mipaka na nyumba ina bei. Kumbukumbu ya Jumapili moja asubuhi, watu wawili wakicheka kitandani, unampa nani? Anayeondoka anajifanya anaitoa yote kwa ukarimu. Ukweli ni kwamba anaitoa kwa sababu hawezi kuistahimili.

Muziki wa Hime unamsaidia katika kujifanya huko. Ni wa polepole. Sentensi ndefu ya sauti inapanda na kushuka, kisha inafuatwa na kipande kifupi, maneno mawili matatu, kama mtu aliyeanza kufunguka akajizuia. Chico hana sauti kubwa na hajawahi kudai anayo. Katika wimbo huu udogo wa sauti yake ni faida tupu, kwa maana anaimba kana kwamba jirani hapaswi kusikia.

Lazima niseme jambo kuhusu wakati wenyewe. Msikilizaji wa Zanzibar, Lamu au Mombasa, ambaye amekulia mahali talaka na eda vinajulikana katika sheria tangu enzi za mababu, huenda akashangaa kusikia kwamba Brazil haikuwa na talaka hadi Desemba 1977. Katiba ya mwaka 1934 ilitamka kwamba ndoa haivunjiki, na katiba zilizofuata zikashikilia hivyo. Wanandoa walioshindwana waliruhusiwa kutengana miili na mali, utaratibu ulioitwa desquite, lakini hakuna aliyeweza kuoa au kuolewa tena kisheria. Mamia kwa maelfu ya watu waliishi na wenzi wapya bila cheti, na wanawake waliotengana walinyooshewa vidole. Seneta Nelson Carneiro alipigania talaka bungeni kwa zaidi ya miaka 20, Kanisa Katoliki likimpinga wakati wote. Katiba ilirekebishwa Juni 1977, na sheria yenyewe, namba 6.515, ikatiwa saini tarehe 26 Desemba mwaka huo. Hata hapo mtu aliruhusiwa kutaliki mara moja tu katika maisha yake, na sharti hilo halikuondolewa hadi mwaka 1989.

Sidai kwamba wimbo uliandikwa kwa ajili ya sheria hiyo. Ila uliingia masikioni mwa watu wakati Brazil nzima ilikuwa ikijifunza kusema kwa sauti kwamba ndoa hufika mwisho. Katika mwaka huo wa 1978 kulikuwa na nyumba nyingi ambamo mtu alikuwa akiangalia kabati na kujiuliza kipi chake. Wimbo uliwapa namna ya kulisema jambo hilo bila hotuba ya askofu wala ya wakili.

Santuri yenyewe ilikuwa na uzito mwingine. Wanajeshi walitawala Brazil kuanzia 1964 hadi 1985. Chico alikwenda kuishi Italia mwaka 1969 na kurudi 1970, na baada ya hapo wachunguzi wa serikali walimwandama miaka yote. Wimbo wake Apesar de Você ulipigwa marufuku. Cálice, aliotunga na Gilberto Gil mwaka 1973, ulizuiwa vilevile. Zote mbili zilipata ruhusa na kuingia katika santuri hii ya 1978. Aliyeinunua ili hatimaye azisikie nyimbo zilizokuwa zimefungwa, alikuta humo pia mtu anayefunga mizigo yake nyumbani. Mimi naona ujirani huo unafaa. Watu waliokatazwa kusema kwa miaka kumi na zaidi walikuwa wamejifunza kusema mengi kwa kutaja vitu vichache.

Turudi sebuleni. Anayeondoka sasa anazungumza lugha ya hesabu. Pete ya ndoa, anasema, unaweza kuiweka rehani au kuiyeyusha. Kuhusu kodi ya nyumba, mpenzi wako ajaye na akusaidie kulipa. Mfumuko wa bei Brazil wakati huo ulikuwa karibu asilimia 40 kwa mwaka, kwa hiyo kodi haikuwa neno la mapambo. Mtu aliyebaki peke yake katika nyumba ya kupanga alikuwa na shida ya kweli. Katikati ya hesabu hizo kuna deni moja ambalo anatangaza kwamba hatalidai: hasara aliyotiwa moyoni. Na anaongeza kwamba hatampa mwenzake ile raha kubwa ya kumwona akilia.

Hapa ndipo wasikilizaji wengi hukata shauri kwamba huu ni wimbo wa dharau. Wanasikia pete ya kuyeyushwa, wanasikia mpenzi ajaye wa kulipa kodi, wanasema: huyu amekwisha kupoa, anamkebehi mwenzake. Sikubaliani nao, na sababu yangu imo ndani ya wimbo. Mtu aliyepoa hatangazi kwamba hatalia. Mtu asiyedai fidia hatuelezi jinsi kifua chake kilivyochanika. Anapotaja kisasi anataja pia jeraha. Dharau yote ile ni nguo aliyovaa ili aweze kufika mlangoni.

Ushahidi mkubwa kwangu ni kitabu. Karibu na mwisho, baada ya kodi, anayeondoka anakumbuka kwamba mwenzake alichukua kitabu chake cha Neruda na hakukisoma hata siku moja, na anakitaka. Pablo Neruda wa Chile ni mshairi ambaye vijana wa Amerika Kusini wamekuwa wakipeana mashairi yake ya mapenzi tangu mwaka 1924. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1971. Alifariki Septemba 1973, siku 12 baada ya wanajeshi kuipindua serikali ya rafiki yake Salvador Allende. Kwa hiyo santuri na kitabu vinavyodaiwa katika wimbo huu ni vya watu wawili waliokufa mwaka mmoja, na wote wawili ni watu ambao kizazi cha Chico kilijifunza upendo kwao, mmoja kwa filimbi na mwingine kwa beti.

Tazama sasa ufundi. Kwa Kireno neno la "msaada", ule msaada wa kodi, linaishia kwa sauti ileile ya jina Neruda. Chico ameviweka vina hivyo jirani kwa makusudi: kodi ya nyumba hapa, mashairi ya mapenzi pale, na sikio linaviunganisha kabla akili haijafika. Sisi tuliolelewa kwenye vina na mizani tunajua kina kinaweza kusema jambo ambalo mstari wenyewe haujalisema. Kina hiki kinasema kwamba ndoa iliishia kuwa kodi, wakati ilipaswa kuwa mashairi.

Na lawama yenyewe ni nzito kuliko zote. Hakumwambia mwenzake "ulinidanganya," wala "ulinisaliti." Alimwambia: ulichukua nilichokipenda, hukukifungua. Pale ndipo mapenzi yalipokufa, siku ambayo hakuna aliyeiandika, kitabu kikiwa mezani pembeni ya kitanda, mmoja akisubiri aulizwe "shairi hili lina maana gani?" na swali lisije. Watu wengi hudhani mapenzi huisha kwa kishindo, kwa fumanizi au kwa kofi. Ziko ndoa zinazoisha hivyo. Lakini nyingine huisha kwa kutokuwa na hamu ya kujua mwenzako anasoma nini. Wimbo huu umeliona hilo na kulisema kwa kitabu kimoja, na kwa ajili ya sehemu hiyo peke yake ningeutetea mbele ya yeyote.

Brazil ilikuwa na nyimbo nyingi za kuachana kabla ya huu. Lupicínio Rodrigues wa Porto Alegre, aliyeishi kati ya 1914 na 1974, alijenga jina lake lote juu ya wivu na uchungu wa aliyeachwa; katika Vingança, iliyoimbwa na Linda Batista mwaka 1951, kisasi hakifichwi. Maysa aliimba Meu Mundo Caiu mwaka 1958 kwa sauti ya mwanamke ambaye dunia imemwangukia. Chico mwenyewe, kwa muziki wa Hime huyuhuyu, aliandika Atrás da Porta, na Elis Regina akauimba mwaka 1972, wakati ndoa yake na Ronaldo Bôscoli ilipokuwa imevunjika. Humo mtu anang'ang'ania, anasihi, anajidhalilisha. Mwaka 1976 Maria Bethânia akaimba Olhos nos Olhos, ambamo mwanamke aliyeachwa anamweleza mwanamume jinsi alivyopona na kuchangamka, na msikilizaji anabaki akijiuliza kwa nini ajitahidi hivyo kumshawishi.

Ukizisikiliza hizo tatu za Chico kwa mfuatano, utaona hatua. Katika ya kwanza mtu hajakubali. Katika ya pili anadai ameshinda. Katika hii yetu amekubali na hajashinda, na ndiyo maana naipa nafasi ya juu.

Mwisho wake ni kuondoka. Anafunga geti bila kelele. Haachi mlango ukigonga ukuta, hapigi ukunga, haiti majirani. Anachukua vitu vinne. Cha kwanza ni kitambulisho. Chini ya serikali ya kijeshi mtu mwenye akili hakutoka usiku bila karatasi zake, na hilo linatosha kukieleza. Lakini pia nadhani anayetoka katika ndoa anahitaji kitu cha kumkumbusha jina lake, maana kwa miaka alikuwa nusu ya jina la watu wawili. Cha pili ni glasi moja ya kuagana, kama wanavyofanya wanywaji wa Rio kabla ya kutoka kilabuni. Cha tatu ni hamu nyingi ya yaliyopita, na hapo ukuta wote wa kiburi aliokuwa ameujenga unaanguka, kwa sababu kitambulisho na hamu vimewekwa katika kina kimoja, vikiwa sawa kwa uzito. Amekwisha kusema kwamba kumbukumbu zote anaziacha. Kumbe amezibeba.

Cha nne ni hisia nyepesi kwamba amechelewa kuondoka. Kule Brazil, mtu aliyechosha watu anapotoka, waliobaki husema kwamba amechelewa, angeondoka zamani. Ni maneno ya kumfukuza mtu ambaye hatakumbukwa. Ajabu ni kwamba hapa hayatoki kinywani mwa anayebaki. Anayeondoka anajisemea mwenyewe, njiani, kabla hajasemwa. Ndani yake kuna aibu, kuna heshima ya kujua kwamba mwenzake naye alikuwa ameshachoka, na kuna kukiri kwamba mwisho ulikuwa umefika siku nyingi, ila wote wawili walikuwa wakiendelea kulipa kodi ya nyumba ambayo mapenzi yalikuwa yameshaihama.

Ninaupenda wimbo huu kwa haki yake. Anayebaki hapewi nafasi ya kusema, lakini hafanywi shetani. Kosa lake kubwa tunaloelezwa ni kutosoma kitabu. Anayeondoka naye hajifanyi malaika. Ana maneno makali, na anajua ni makali. Nyimbo nyingi za kuachana hututaka tuchague upande. Huu unatuacha na watu wawili waliowahi kupendana sana, kila mmoja akiwa na sababu yake.

Utafuteni, ndugu wasikilizaji, kama ulivyoimbwa na Chico mwaka 1978, na hata kama hamjui neno moja la Kireno sikilizeni vile vipande vifupi baada ya sentensi ndefu, pale anapojizuia. Na kama katika kabati lako kuna kitabu cha mtu mliyeachana naye, nawe hujakifungua, mrudishie.